Rangi ya Nondo za Madirisha

Kila Idi ikaribiapo, vijana wetu wa Ngokolo huzipaka nondo za madirisha na milango ya chuma rangi kali: nyekundu, manjano, buluu. Hatuwalaumu. Nyumba iliyochakazwa na vumbi la Shinyanga hupendeza ikiwa na mlango mmoja uitao macho. Lakini tulimkuta kijana akikwangua rangi kuukuu kwa msasa mkavu, na miguuni pake nduguye mdogo akila mhogo. Tulimwondoa mtoto kwanza, maelezo yakafuata.

Rangi nyingi za mafuta za zamani, hasa nyekundu na manjano, zilitiwa madini ya risasi, yale yale yaliyomo katika betri za magari. Vumbi lake huidhuru akili ya mtoto, na Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi chake kijulikanacho kuwa salama. Basi rangi kuukuu iliyoshika vema isikwanguliwe; ioshwe kwa sabuni, ikauke, ipakwe juu yake. Iliyobambuka iloweshwe maji kabla ya msasa, watoto wakiwa mbali, na maganda yazolewe kwa kitambaa kibichi, wala yasifagiliwe. Tena nunueni kopo lililoandikwa kwamba halina risasi. Wekundu wake ni ule ule.