Sarafu za Kale Mtandaoni: Namna ya Kutambua Bandia Kabla ya Kulipa

Na Mwandishi Wetu

Biashara ya sarafu za kale imehamia kwa kiasi kikubwa mtandaoni. Katika tovuti za mnada na makundi ya mitandao ya kijamii hutangazwa rupia za enzi za utawala wa Wajerumani, riale za Maria Theresa na sarafu za masultani wa Kilwa. Baadhi ya sarafu hizo ni halisi. Nyingine zimetengenezwa miaka ya karibuni kwa madini ya bei nafuu, na mnunuzi hubaini hilo akiwa ameshatuma akiba yake kwa mtu asiyemfahamu.

Jambo la kuzingatia ni kwamba sarafu haitambuliwi kwa maelezo ya muuzaji wala kwa ubora wa picha. Hutambuliwa kwa uzito wake, madini yake na namna ilivyotengenezwa. Mambo hayo matatu yanaweza kuhakikiwa, na mengi kati yake kwa gharama ndogo.

Mfano wa sarafu ya tembo ya Tabora

Miongoni mwa sarafu za Afrika Mashariki zinazotafutwa sana duniani ni ile ya dhahabu ya rupia 15, iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, koloni la Wajerumani lilizingirwa baharini na Waingereza, na sarafu mpya kutoka Ulaya hazikuweza kufika. Utawala huo ulilazimika kutengeneza fedha zake katika karakana ya reli mjini Tabora, ukitumia dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Kazi hiyo ilikoma mwaka huohuo, na mwezi Septemba mji ulitekwa na majeshi ya Ubelgiji.

Sarafu zilizotengenezwa ni 16,198 tu. Upande mmoja una tai wa Dola ya Ujerumani na thamani ya sarafu. Upande wa pili una tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, mwaka 1916 na herufi T ya Tabora. Kwa kuwa ni chache na zina historia ya kipekee, bei yake katika minada ya kimataifa hufikia maelfu ya dola za Marekani. Bei hiyo ndiyo inayowavutia waghushi.

Sarafu halisi ya tembo ina uzito wa gramu 7.168, na robo tatu ya uzito huo ni dhahabu. Hapo ndipo waghushi wengi hukwama. Sarafu ya ukubwa uleule iliyotengenezwa kwa shaba ya manjano na kupakwa rangi ya dhahabu itakuwa na uzito wa karibu gramu 4 tu. Wakitaka kufikia gramu 7, watalazimika kuifanya nene au pana kupita kiasi, na hilo litaonekana kwenye kipimo.

Vipimo vinavyoweza kufanyika kwa sonara

Kipimo cha kwanza ni mizani. Itumike mizani ya sonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, kwani ya dukani haitoshi. Rupia moja ya fedha ya Wajerumani, yenye sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili, inapaswa kuwa na gramu 11.66 na kipenyo cha milimita 30 na nusu hivi. Matumizi ya miaka mingi huondoa sehemu ndogo tu ya uzito. Pengo la gramu nzima linahitaji maelezo ya kuridhisha.

Kipimo cha pili ni sumaku. Dhahabu, fedha na shaba hazinaswi na sumaku. Sarafu inayodaiwa kuwa ya madini hayo ikinasa, si halisi. Hata hivyo, kutonasa hakuthibitishi uhalisi, kwa sababu shaba ya manjano na risasi nazo hazinasi.

Kipimo cha tatu ni maji. Sarafu hupimwa ikiwa kavu, kisha hufungwa uzi mwembamba na kupimwa ikiwa imening'inia ndani ya maji bila kugusa chombo. Uzito mkavu hugawanywa kwa uzito uliopungua majini. Kwa sarafu ya tembo jibu linapaswa kukaribia 15. Kwa rupia ya fedha, kidogo zaidi ya 10. Shaba ya manjano hutoa jibu la karibu 8.5. Kipimo hiki hakiharibu sarafu, tofauti na kuikwangua au kuitia tindikali.

Baada ya vipimo hivyo, sarafu ichunguzwe kwa lenzi ya kukuzia. Sarafu halisi hugongwa kwa muhuri wa chuma, hivyo herufi zake huwa na kingo zilizo wazi. Nyingi za bandia humiminwa kwenye kalibu. Huonesha vitobo vidogo, herufi butu na wakati mwingine mstari wa maungio ukingoni. Dalili nyingine ni alama zinazojirudia: muuzaji akiwa na sarafu tatu zenye mkwaruzo uleule mahali palepale, zote zimetokana na kalibu moja.

Mwaka ulioandikwa si ushahidi wa umri

Riale ya Maria Theresa, iliyotumika sana katika biashara ya Zanzibar na pwani yote, ina funzo lake. Malkia huyo wa Austria alifariki mwaka 1780, na tangu hapo sarafu hiyo iliendelea kutengenezwa ikiwa na mwaka huohuo, si Vienna pekee bali pia katika miji mingine ikiwemo London, Roma na Bombay. Riale ya namna hiyo yenye gramu 28 na maandishi ya Kilatini ukingoni inaweza kuwa ya fedha halisi na si ya kughushi, lakini huenda isiwe na umri wa zaidi ya miaka 200. Anayeiuza kwa bei ya sarafu adimu ya mwaka 1780 anamdanganya mnunuzi.

Kwa upande mwingine, sarafu za shaba za masultani wa Kilwa hazikuandikwa mwaka. Zina jina la sultani na maneno ya kumtukuza Mungu kwa Kiarabu. Sarafu ya shaba inayodaiwa kuwa ya Kilwa ikiwa na tarakimu za mwaka ni ya kutiliwa shaka mara moja.

Vyeti na sheria

Kampuni za Marekani za PCGS na NGC huhakiki sarafu, huzifunga katika kasha la plastiki na kuzipa namba. Kwa kuwa makasha nayo hughushiwa, mnunuzi aingize namba hiyo mwenyewe katika tovuti ya kampuni husika na kulinganisha picha. Asitumie kiungo alichotumiwa na muuzaji.

Mnunuzi azingatie pia uhalali wa bidhaa yenyewe. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inalinda vitu vya kale vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Kuchimba sarafu katika magofu na kuzisafirisha nje ya nchi bila kibali ni kosa. Hivyo, tangazo la sarafu "iliyochimbwa juzi Kilwa" lina matokeo mawili tu: ama ni utapeli, ama ni uharibifu wa urithi wa Taifa.

Wito kwa wananchi

Kabla ya kulipa, mwananchi amtake muuzaji atoe uzito, kipenyo na picha za pande zote mbili pamoja na ukingo. Apendekeze wakutane kwa sonara, au malipo yapitie njia inayoruhusu kurejeshewa fedha. Muuzaji mwenye sarafu halisi hana sababu ya kuogopa mizani. Anayehimiza "malipo ya haraka kwa kuwa wateja ni wengi" aachwe.

Mwenye sarafu ya kale nyumbani naye asiisugue kwa mchanga, ndimu wala sabuni ya unga ili ing'ae kabla ya kuiuza. Kusafisha huondoa thamani ambayo haiwezi kurudishwa.

Aliyekwisha kutapeliwa awasiliane mara moja na mtandao wa simu au benki aliyotumia ili kuomba muamala uzuiwe. Ahifadhi tangazo, mazungumzo, risiti na sarafu yenyewe, kisha atoe taarifa kituo cha polisi na kupatiwa namba ya RB. Udanganyifu kwa njia ya kompyuta au simu ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Ukimya wa aliyetapeliwa humpa tapeli nafasi ya kuiuza sarafu ileile ya kalibu kwa mtu mwingine.