Dawa ya Mizizi Hununuliwa Kabla ya Kupanda

Ng'oa shina la ngano ambalo suke lake limekauka jeupe huku ya jirani yake yangali mabichi. Ioshe mizizi yake kwenye ndoo. Ikiwa imekuwa myeusi na inakatika ovyo, na sehemu ya chini ya shina inang'aa kama iliyopakwa lami, hiyo ni kazi ya ukungu uitwao Gaeumannomyces. Uliingia mizizini tangu miche ikiwa midogo. Kwenda kununua dawa siku hiyo ni kutupa pesa.

Viuakuvu vingi vya kunyunyizia, hasa vya jamii ya triazoli, hupanda ndani ya mmea pamoja na maji. Havishuki mizizini. Kwa hiyo dawa inayopigwa jani la mwisho linapochomoza ni ya kuzuia kutu, na kwa kazi hiyo inastahili bei yake. Aliyepata kuona kutu ya shina ya Ug99, iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998, hahitaji kushawishiwa. Lakini usiihesabu kuwa kinga ya mizizi.

Linganisha basi dawa ya mbegu na ya kunyunyizia. Ekari moja hula mbegu kilo 40 hadi 50, na kuzipaka dawa ni kazi ya saa chache kivulini. Kunyunyizia ekari hiyohiyo kwahitaji takriban lita 80 za maji, yaani pampu nne za mgongoni, pamoja na vibarua na safari za mtoni. Ila soma kibandiko: dawa nyingi za mbegu huzuia fugwe tu, na muuzaji hatakuambia usipomuuliza. Azoksistrobini ikipigwa mapema, shina linapoanza kurefuka, hupunguza ugonjwa kiasi. Mimi ningeilipia ikiwa tu tayari naingia shambani kwa ajili ya kutu.

Kinga iliyo bora kuliko zote haiuzwi dukani: mwaka mmoja bila ngano wala shayiri. Viazi, maharage au kanola huunyima ukungu chakula. Hata oti ya kulisha mifugo hufaa, kwa kuwa mizizi yake ina kemikali ya avenasini inayoukinga mmea. Lakini ng'oa ngano iliyojiotea na magugu ya nyasi, la sivyo ugonjwa utalelewa humohumo.

Kwa aliyekodi shamba Narok kwa msimu mmoja, ushauri huu unauma. Gharama ya kubadilisha zao ni yake, faida inabaki kwa mwenye ardhi au kwa mpangaji ajaye. Ndiyo maana ngano hufuata ngano. Ningependa kuona wakulima wakidai mkataba wa misimu miwili au mitatu, na bei ipangwe kwa kuzingatia zao la kupumzisha udongo.

Chokaa nayo ina wakati wake. Udongo wa Uasin Gishu wenye asidi unaihitaji, lakini ukiimwaga muda mfupi kabla ya ngano unaweza kuuchochea ukungu huu. Imwage kabla ya maharage au kanola.

Kabla ya kulipa, jumlisha dawa, maji na kibarua kwa ekari, kisha gawanya kwa bei ya gunia la kilo 90 sokoni kwenu. Jibu likiwa gunia moja na nusu, jiulize kama mizizi uliyoiosha ndoani ingeweza kukurudishia hilo gunia na nusu.