Kaburi Lisilo na wa Kulidai

Rashi ya dhahabu inapozuka Geita au Shinyanga, duara la kwanza, yaani shimo la wachimbaji wadogo, huchimbwa kabla mtu hajauliza nani alilala chini ya ardhi ile. Siku chache baadaye kifusi kimeshafunika vichaka, njia za ng'ombe na pengine makaburi.

Makaburi yanayojulikana yana wenyewe. Mgodi mkubwa ukihitaji eneo, Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969 inataka ndugu wapewe notisi na fidia, na marehemu azikwe upya kwa heshima. Sheria ya Madini ya 2010 nayo hairuhusu kuchimba kwenye ardhi ya maziko bila kibali cha maandishi.

Lakini kaburi ambalo ukoo wake umetoweka, nani atalidai?

Swali hili si dogo, kwa sababu makaburi ya namna hiyo yapo. Ndani ya kreta ya Ngorongoro, Mjerumani Hans Reck alichimbua vilima vya mawe zaidi ya karne moja iliyopita, na Louis na Mary Leakey wakafuata baadaye. Walikuta mifupa ya watu na bakuli za mawe za wafugaji walioishi kabla ya chuma kufika. Huko Lothagam, karibu na Ziwa Turkana nchini Kenya, watafiti walikadiria mwaka 2018 kwamba watu wasiopungua 580 walizikwa katika eneo moja, miaka kama 5,000 iliyopita. Wakubwa kwa wadogo walizikwa na mapambo yao. Greda moja lingefuta yote hayo kwa asubuhi moja.

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inalinda mabaki ya kabla ya 1863. Tatizo ni kwamba mlinzi hawezi kulinda asichokijua. Uingereza, sheria yao ya kwanza ya 1882 ilikuja na orodha ya maeneo yenyewe, vilima vya maziko vikiwemo. Waliyataja kwanza.

Geita na Shinyanga zinaweza kufanya hivyo, maana Shinyanga ina mfano wake. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulioanza 1986, ulifufua ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayotengwa, kwa kutumia mipaka ambayo wazee waliijua. Wazee hao hao wanajua mahame, mapango na vichaka visivyokatwa. Watembee na mwanaakiolojia na mwenyekiti wa kijiji, maeneo yaandikwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi, na orodha ifike ofisi ya madini kabla ya leseni ya uchimbaji mdogo kutolewa. Geita, ambako rashi huzuka ghafla, ndiko kazi hii ianzie.