Beni na Butembo: Hoteli za utalii zaoza, nani atazitunza?

Mutwanga, Ishango, Rwindi, Mont Hoyo: majina haya manne yalijulikana zamani na wageni waliotoka mbali kuja kuona milima, mito na wanyama wa eneo la Beni na Lubero. Leo, kijana mwingi wa Beni ama Butembo anayasikia majina hayo kwenye habari za vita tu. Nyumba zilizopokea wageni zimebaki magofu, ama zimegeuka kambi za watu wenye silaha. Swali ambalo wakaaji wamekuwa wakijiuliza kwa miaka ni moja: je, ni vita pekee iliyoziua hoteli hizo, ama kulikuwa na ugonjwa mwingine kabla ya risasi ya kwanza?

Historia inaonyesha kwamba ugonjwa ulianza mapema.

Mbuga ya Virunga iliundwa tarehe 21 Aprili 1925, wakati wa utawala wa Ubelgiji, kwa jina la Mbuga Albert. Ndiyo mbuga ya kwanza ya taifa barani Afrika, na mwaka 2025 ilitimiza miaka 100. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1979, kisha mwaka 1994 ikaiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Tangu hapo haijatoka. Sehemu yake ya kaskazini inagusa moja kwa moja maisha ya watu wa Beni: mlima Ruwenzori, mto Semliki na pwani ya Ziwa Eduardi.

Mutwanga, katika sekta ya Ruwenzori, wilayani Beni, ulikuwa mlango wa kupanda mlima. Chini ya mlima palijengwa hoteli yenye bwawa la kuogelea, Hoteli Ruwenzori, na jirani yake, Mutsora, kuna kituo cha walinzi wa mbuga. Kutoka hapo mgeni alipanda kwa siku kadhaa akifuatana na waongozaji na wapagazi, akilala katika vibanda vilivyojengwa njiani: Kalonge, kwenye karibu mita 2,100, Mahangu, kwenye karibu mita 3,300, Kiondo, kwenye karibu mita 4,300, na juu zaidi, Moraine. Kilele cha Margherita, chenye mita 5,109, ndicho kirefu kuliko vyote nchini Kongo.

Kila mgeni mmoja aliyepanda alilisha watu wengi. Mwongozaji alilipwa, mpagazi alilipwa, mama wa sokoni aliuza ndizi, maharagwe na kuku, na mwenye gari alipata abiria kutoka Beni. Hoteli ilipokufa, mnyororo huo wote ulikatika, na vijana waliojua njia za mlimani walirudi shambani kwenye kakao na kahawa.

Nyumba isiyolalwa

Fundi yeyote wa ujenzi anajua kwamba nyumba isiyolalwa inakufa upesi kuliko nyumba inayotumiwa vibaya. Chini ya Ruwenzori mvua ni nyingi na unyevu hautoki. Bati likitoboka mahali pamoja, maji yanaingia kwenye dari, mbao zinaoza, mchwa unapanda, kisha paa lote linainama. Kazi ya saa moja ya kubadilisha bati na misumari inageuka kuwa kazi ya kujenga paa upya. Mfereji wa maji ya mvua ukiziba kwa majani, maji yanamwagika ukutani na kula chokaa hadi kwenye msingi.

Bwawa la kuogelea ndilo la kwanza kuonyesha kwamba hakuna mtu. Likiachwa tupu, ukuta wake unapasuka, mizizi inaingia na majani yanajaa. Likiachwa na maji yasiyosafishwa, linageuka kuwa nyumba ya mbu, na malaria inawafuata majirani. Vyumbani, godoro linashika ukungu, mabomba ya chuma yanapata kutu, shimo la choo linajaa bila mtu kulitoa. Baada ya hapo wezi wanakuja: milango, madirisha, nyaya za umeme, masinki, hata vigae vya sakafu. Mahali palipong'olewa hivyo, mgeni harudi, hata amani ikirudi.

Kuporomoka huko hakukuanza na waasi. Tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alitangaza hatua iliyojulikana kama zaïrianisation: biashara nyingi za wageni, yakiwemo maduka na mashamba, zilipewa wananchi, wengi wao wakiwa watu wa karibu na utawala. Wengi walichukua mali bila mtaji wa kuitunza, na baadhi waliuza vitu vilivyokuwamo na kuondoka. Kote nchini, majumba yaliyohitaji pesa kila mwezi kwa ajili ya rangi, mabomba na mafuta ya jenereta yalianza kuchakaa. Uporaji wa miaka ya 1991 na 1993 uliongeza pigo. Vita vya 1996 na 1998 vilikuta nyumba nyingi tayari zimechoka.

Rwindi, ishara ya yote

Msafiri aliyepita barabara ya taifa namba 2 kutoka Goma kwenda Butembo aliiona Rwindi kabla ya kupanda Kanyabayonga. Ilikuwa hoteli kubwa katikati ya mbuga, na vyumba vyake vya mviringo na bwawa la kuogelea. Mgeni alikunywa kahawa asubuhi akitazama nyati na tembo kwenye uwanda. Miaka ya 1970, mbuga ilikuwa na viboko karibu 29,000, kundi lililohesabiwa kuwa kubwa kuliko yote duniani. Hesabu ya mwaka 2005 ilikuta hawafikii 1,000. Waliuawa kwa ajili ya nyama na meno, na watu wenye silaha wa kila upande.

Hoteli nayo ilikufa pamoja na wanyama. Wanajeshi wa serikali, waasi wa makundi mbalimbali na kofia za buluu za Umoja wa Mataifa, wote walipiga kambi Rwindi kwa nyakati tofauti. Mwaka 2020, tembo karibu 580 walivuka kutoka Uganda na kuingia kwenye uwanda huo, jambo lililoonyesha kwamba mahali penyewe bado panaweza kufufuka. Lakini mwaka 2024 waasi wa M23 waliiteka Rwindi, na mwisho wa Juni mwaka huo wakaingia Kanyabayonga.

Kaskazini mwa mji wa Beni, kwenye njia ya Komanda, Mont Hoyo katika wilaya ya Irumu, Ituri, ulikuwa mahali pa kupumzika kwa familia nyingi za Beni na Butembo. Kuna mapango, na kuna maporomoko ya maji yanayoitwa Escaliers de Vénus. Katika pango la Matupi, mtafiti Francis Van Noten alichimba miaka ya 1970 na kupata zana za mawe za watu walioishi hapo makumi ya maelfu ya miaka iliyopita. Nyumba ya wageni ya hapo nayo imeharibika. Barabara ya Eringeti hadi Komanda imekuwa ya mavizio, na kwa muda mrefu magari yalipita kwa msafara wenye ulinzi.

Ishango, mahali ambapo Semliki inatoka Ziwa Eduardi, ni jina linalosomwa katika vitabu vya hesabu duniani kote. Mwaka 1950, Mbelgiji Jean de Heinzelin alipata hapo mfupa wenye alama zilizochongwa kwa safu tatu, wenye umri wa karibu miaka 20,000. Wataalamu wengi wanauona kuwa moja ya ushahidi wa zamani sana wa watu kuhesabu. Mfupa huo uko Brussels. Mtoto wa Kyavinyonge, kijiji cha wavuvi kilicho karibu, anaishi jirani na mahali ulipotoka, lakini hana nyumba ya makumbusho ya kuingia na kuona hata picha yake.

Ng'ambo ya ziwa

Mfanyabiashara wa Butembo anayevuka mpaka wa Kasindi kwenda Kampala anapita pembeni ya mbuga ya Queen Elizabeth, iliyoundwa mwaka 1952. Ziwa ni lile lile, wanyama ni wale wale. Uganda nayo ilipitia shida: wakati wa Idi Amin na baada ya kuanguka kwake mwaka 1979, wanajeshi waliua wanyama na hoteli za mbugani zikachakaa ama kuporwa.

Tofauti ilikuja baadaye. Mwaka 1996 Uganda iliunda shirika moja la kusimamia wanyamapori, na hoteli za mbugani zilipewa kampuni za binafsi kwa mikataba. Hoteli ya Mweya, kando ya mfereji wa Kazinga, inaendeshwa na kampuni ya kundi la Madhvani. Kundi hilo hilo lilifufua Chobe, hoteli ya mbuga ya Murchison iliyokuwa imeachwa kwa miaka mingi. Hatari haijaisha huko pia: mwezi Oktoba 2023, waasi wa ADF waliwaua watalii wawili na mwongozaji wao ndani ya Queen Elizabeth. Lakini hoteli haikuachwa bila mwenyewe. Kuna mkataba, kuna anayelipa mlinzi, kuna anayepaka rangi hata mwezi ambao wageni ni wachache.

Hapo ndipo penye jibu la sehemu kubwa ya swali. Katika nchi za Ulaya na Marekani kuna hoteli za mapumziko ambazo watu wengi wananunua pamoja, kila mmoja akipata wiki yake ya mwaka. Hata asipokuja, kila mmoja analazimika kulipa ada ya matunzo ya mwaka. Huko pia malalamiko yako: ada inapanda, na mabwawa na vyumba vinachafuka. Ila mlalamikaji anajua mlango wa kugonga. Kwa hoteli za Mutwanga na Rwindi, mkaaji hajui kama agonge kwa ICCN, kwa wizara ya utalii, kwa jimbo ama kwa mrithi wa mtu aliyepewa nyumba miaka 50 iliyopita.

Kilichobaki mkononi

Ni kweli kwamba usalama ni sharti la kwanza. Mauaji ya Beni yalianza Oktoba 2014. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina na kuisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu 2,287. Mbuga ilifunga utalii mwaka 2018 baada ya mlinzi mmoja kuuawa na watalii wawili Waingereza kutekwa, ikafungua 2019, ikafunga tena 2020 kwa sababu ya Korona. Kuanzia mwisho wa 2020, ADF walishambulia vijiji vya sekta ya Ruwenzori yenyewe. Hakuna mtu mwenye akili anayemwomba mgeni alale Mutwanga katika hali hiyo.

Lakini Mutwanga hiyo hiyo inaonyesha kwamba kazi inaweza kuendelea katikati ya taabu. Mwaka 2013 mbuga ilizindua hapo kituo kidogo cha umeme wa maji, kilichofuatwa na kingine kikubwa zaidi. Umeme huo umeleta kiwanda cha sabuni na kiwanda cha chokoleti kinachotumia kakao ya wakulima wa eneo hilo. Mashine hizo zinasimama kwa sababu kuna mtu analipwa kuzisafisha, kuzipaka mafuta na kuzilinda usiku.

Butembo nayo ina somo lake. Mji huo uliishi miaka mingi kwa jenereta, na wafanyabiashara wake walijenga hoteli za ghorofa kwa pesa zao bila kungoja Kinshasa. Wakati wa Ebola, ndoo za maji ya klorini ziliwekwa kwenye milango ya hoteli, makanisa na ofisi, na watu walishika nidhamu ya usafi kwa sababu hatari ilionekana. Nguvu za kutunza zipo mjini. Kinachokosekana kwa magofu ya mbugani ni karatasi inayosema nyumba ni ya nani, na nani anawajibika.

Hatua ya kwanza haihitaji mamilioni ya dola wala mwisho wa vita. Inahitaji orodha: ni majengo gani yamebaki, paa lipi bado linaokolewa, hati ziko kwa nani. Ya pili ni kulinda kile kinachofikika, kwa mlinzi wa kijiji anayelipwa na kwa mabati machache, kabla ya mvua nyingine. Ya tatu ni mkataba ulio wazi na watu wa eneo, ili siku ambayo barabara ya Mutwanga itakuwa shwari, kazi za hoteli zisipewe watu wa mbali huku wapagazi wa Ruwenzori wakitazama.

Wazee waliobeba mizigo ya wageni hadi Kiondo wanazidi kupungua. Wanajua wapi njia inagawanyika, wapi maji ya kunywa yanapatikana na lini mlima unakataa mtu kupanda. Paa linaweza kununuliwa tena Butembo. Ujuzi huo hauuzwi dukani, na usipofundishwa kwa vijana sasa, hoteli itakayofunguliwa kesho haitakuwa na mtu wa kumpeleka mgeni juu.