Kufundisha Ndoa katika Biblia: Suala la Mitala Darasani

Miongoni mwa mada ambazo walimu wa Elimu ya Dini ya Kikristo huzipitia haraka haraka ni ile ya ndoa. Sababu yake si ngumu kuitambua. Mbele ya mwalimu wameketi watoto wa nyumba za namna mbalimbali: wengine wana baba na mama mmoja, wengine wana mama mkubwa na mama mdogo, wengine wanalelewa na bibi. Mwalimu akitamka kwamba nyumba yenye wake wawili ni nyumba ya dhambi, yupo mtoto atakayeinamisha kichwa na asisikie lolote tena katika kipindi hicho. Akinyamaza kabisa, atakuwa amewanyima wanafunzi sehemu ya somo. Katika makala haya twakusudia kuonyesha jinsi mada hii iwezavyo kufundishwa kwa ukweli na kwa heshima.

Kwanza, hapana budi mwalimu mwenyewe ayafahamu maandiko yanayohusika. Mwanzo sura ya 2 yazungumzia mume na mke kuwa mwili mmoja. Lakini kitabu hicho hicho chasimulia habari za Yakobo aliyewaoa Lea na Raheli, na 1 Samweli sura ya 1 yaeleza nyumba ya Elkana, mume wa Hana na Penina. Kumbukumbu la Torati sura ya 21 yamlinda mtoto wa kwanza wa mke asiyependwa, ili asinyimwe haki yake ya urithi. Katika Mathayo sura ya 19 Yesu aliulizwa juu ya talaka, naye akawarudisha waulizaji kwenye habari za uumbaji. Tena 1 Timotheo sura ya 3 yataka askofu awe mume wa mke mmoja.

Wakristo wote husoma maandiko haya, lakini hawayafasiri kwa namna moja. Wengi husema kwamba Biblia husimulia mambo mengi isiyoyaamuru, na kwamba masimulizi ya wivu na machozi katika nyumba za mitala ni onyo. Kwao, Mathayo 19 yatosha kuonyesha kuwa ndoa ni ya watu wawili. Wengine hukubali kwamba ndoa ya mke mmoja ndiyo lengo, ila hukumbusha kuwa swali aliloulizwa Yesu lilihusu talaka. Je, kumlazimisha mume awafukuze wake zake ili abatizwe si kumwamuru atende lile lililokatazwa? Hivyo sura moja hutumiwa na pande zote mbili.

Ubishi huu una historia ndefu. Katika karne ya 19 John William Colenso, askofu wa Natal, alipinga desturi ya kuwalazimisha Waafrika kuwaacha wake zao kabla ya ubatizo. Hata hivyo, mkutano wa maaskofu wa Anglikana uliofanyika Lambeth mwaka 1888 uliamua kwamba mume wa wake wengi asibatizwe, bali aendelee kufundishwa hadi atakapoweza kuishika sheria ya Kristo. Baada ya miaka 100 kamili, mkutano wa Lambeth wa mwaka 1988 uliruhusu mtu wa namna hiyo abatizwe pamoja na wake na watoto wake walioamini. Masharti yaliwekwa: aahidi kutooa tena maadamu yeyote kati ya wake hao yu hai, na Wakristo wenzake wa mahali hapo wakubali apokewe. Asilazimishwe kumwacha mke yeyote, kwa sababu ya shida ambayo mke huyo angeipata. Askofu David Gitari wa Kenya alikuwa miongoni mwa waliotetea mabadiliko hayo.

Kanisa Katoliki limeshika njia nyingine. Sheria zake za mwaka 1983 zamtaka mume anayebatizwa abaki na mke mmoja. Ikiwa ni vigumu kwake kubaki na yule wa kwanza, aweza kumchagua mwingine. Lakini sheria hizo zataka pia wake walioachwa watunziwe mahitaji yao kwa haki. Katika mafundisho yote mawili mwalimu ataona kwamba swali la nani atakayemlisha mke aliyeachwa na watoto wake halikusahauliwa.

Sasa tuje kwenye mbinu. Twapendekeza mwalimu agawe ubao sehemu tatu: Biblia yasimulia nini, Biblia yaagiza nini, na makanisa yameamua nini. Wanafunzi wa madarasa ya juu wasome habari za Hana na Penina, kisha waulizwe: Hana aliumizwa na nini? Elkana alifanya nini? Majibu yaandikwe katika sehemu ya kwanza. Baadaye wasome Mathayo 19 na kuijaza sehemu ya pili. Sehemu ya tatu aijaze mwalimu kwa maelezo mafupi, akitaja kila kanisa bila kulidharau.

Mwalimu asiwaulize wanafunzi habari za nyumba zao, wala asimtumie mtoto yeyote kuwa mfano. Akumbuke pia kwamba Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 yaitambua ndoa ya mke mmoja na ile ya mitala, na kwamba jirani Mwislamu ana mafundisho yake.

Huenda mwanafunzi akauliza mbele ya wenzake, "Mwalimu, mama yangu ni mke wa pili. Je, ana dhambi?" Jibu la namna hii lafaa: "Makanisa hayakubaliani juu ya jambo hili, na sisi hatukai hapa kumhukumu mama wa mtu. Mama yako astahili heshima yako, na wewe u mtoto kamili kama wenzako wote." Kisha aendelee na somo kwa sauti ile ile, na baada ya kipindi amwite mtoto huyo faraghani, asikilize kama ana jambo jingine.

Mwisho wa somo, kipimo cha mwalimu kiwe maswali mawili. Je, wanafunzi waweza kueleza kwa nini Wakristo wanaosoma kitabu kimoja hufikia maamuzi tofauti? Na je, kila mtoto ameondoka darasani bila kuionea haya nyumba aliyozaliwa?