Msaada wa kilimo nchini Rwanda: uanzie ofisi gani?

Wizara ya Kilimo iko Kigali, lakini ukifunga safari hadi huko kuomba mbolea utarudi mikono mitupu. Programu nyingi za serikali zinaanzia karibu na shamba lako. Mtu wa kwanza kumtafuta ni agronomu wa umurenge, yule ambaye Watanzania humwita bwana shamba. Ni vivyo hivyo hata kwa anayelima ndani ya Jiji la Kigali, kwa mfano Nduba, Rutunga au Gikomero huko Gasabo.

Nkunganire: mbolea na mbegu kwa bei nafuu

Ukilima mahindi, soya au ngano, anza na mpango huu. Serikali hulipa sehemu ya bei ya mbolea ya viwandani na mbegu, nawe unalipa iliyobaki. Hupewi pesa mkononi. Bei inapunguzwa pale pale kwenye duka la pembejeo. Lakini lazima wewe, shamba lako na zao lako muwe mmeandikishwa kwenye mfumo. Unaweza kujisajili kwa simu, *774#, au kusaidiwa na agronomu. Utaulizwa nambari ya kitambulisho, ya simu na ya kiwanja, yaani UPI iliyo kwenye hati ya ardhi.

Msimu A huanza Septemba, msimu B karibu na Machi. Nenda mwezi mmoja au miwili kabla. Anayekumbuka mvua ikiwa imeshanyesha hujikuta ananunua kwa bei kamili, au anapanda bila mbolea kabisa.

Shamba ni la kukodi. Nifanyeje?

Hapo kwenye UPI ndipo mkimbizi anaweza kukwama, kwa sababu hati ina jina la mtu mwingine. Usitosheke na makubaliano ya mdomo, hata kama mwenye shamba ni rafiki. Andikeni ukubwa wa shamba, kodi, idadi ya misimu, na mavuno yatakuwa ya nani shamba likiuzwa kabla hujavuna. Wawepo mashahidi, ikiwezekana mbele ya mkuu wa umudugudu. Kisha nendeni wote wawili kwa agronomu mkamuulize shamba liandikishwe vipi msimu huo. Mwenyeji unayekodisha, karatasi hiyo inakulinda na wewe: mpangaji hawezi kudai msimu ambao hamkukubaliana.

Uliza pia kuhusu kikundi cha Twigire Muhinzi kilicho karibu. Wakulima 15 hadi 20 hujifunza pamoja kupanda kwa mistari na kutumia mbolea, na mshauri wao ni mkulima wa hapo hapo kijijini. Kama Kinyarwanda chako bado ni kidogo, utakielewa haraka zaidi shambani kuliko ofisini.

Tangu 2019 kuna bima ya mazao na mifugo ambayo serikali hulipia asilimia 40 ya ada. Kwa anayelima mahindi au mpunga bondeni, ambako mafuriko ni jambo la kutarajiwa, mimi ningeilipia kabla ya kununua jembe jipya.

Girinka, mpango wa ng'ombe ulioanza 2006, ni wa familia maskini za wenyeji, na majina hujadiliwa kwenye mkutano wa wananchi. Ng'ombe huyo ni wa bure. Mtu akikuomba pesa ili akuandike, usimpe.

Kuhifadhi udongo

Kazi za kuchimba matuta ya ngazi na kupanda miti milimani hutangazwa kwenye umurenge. Baadhi hulipwa kupitia VUP, mpango wa kaya maskini ulioanza 2008. Wilaya zilizopokea wakimbizi, yaani Kirehe, Gatsibo, Karongi, Nyamagabe, Gisagara na Gicumbi, zimekuwa na mradi wa Jya Mbere, unaosimamiwa na wizara inayoshughulikia dharura, MINEMA. Mradi huo umegusa ardhi iliyoharibiwa na mmomonyoko pamoja na biashara ndogo. Ukiwa kambini, muulize mwakilishi wa MINEMA ni nafasi gani ziko wazi sasa.

Kule Gisagara, wakimbizi wa Mugombwa wamelima bonde la Misizi pamoja na majirani zao Wanyarwanda, katika ushirika mmoja. Ushirika wa aina hiyo una faida kubwa ukienda ofisini: anayeomba ni kundi lenye shamba linalojulikana, na swali la hati halimwangukii mtu mmoja. Kabla hujaanzisha kikundi chako, muulize agronomu kama upo ushirika karibu unaopokea wanachama wapya.