Chakula cha Tanga Hakina Kibao

Tangu ujenzi wa bomba la mafuta la kutoka Hoima ulete watu Chongoleani, hapa Tanga, nimekuwa nikisikia lalamiko lile lile kwa wageni wa kila namna. Tanga mji mzuri, wanasema, mitaa imenyooka, bahari iko mlangoni, lakini hakuna pa kula. Wanazunguka na gari mchana kutwa wakitafuta kibao kinachong'aa, wanaishia kwenye hoteli ile ile walikolala, wanakula paja la kuku lililokaushwa kwa mafuta kwa bei ya kuku mzima, kisha wanarudi makwao kutangaza kwamba Tanga imelala. Wapo wanaoongezea na tusi juu: watu wa pwani wavivu, hata kifungua kinywa hununua.

Nimezaliwa Ngamiani na nimekua kwa chakula hicho cha kununua, kwa hiyo neno hili linanigusa. Chakula kizuri cha bei nafuu Tanga kipo, tena tele, ila kina saa zake na kina adabu zake, na vyote viwili mtu hufundishwa na wenyeji. Harusi zetu na majando yetu yamekwisha kuandikwa tangu Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alipoandika habari za desturi za Waswahili, zikachapishwa mwaka 1903. Kununua vitumbua asubuhi hakuna aliyekuhesabu kuwa ni mila. Mimi nakuhesabu.

Mitaa ya Ngamiani huitwa kwa namba, barabara ya kwanza, ya pili, hadi kupita ya ishirini. Watu wakishatoka kuswali alfajiri, ukitembea barabara yoyote kati ya hizo utakuta majiko ya mkaa yamekwisha kutolewa barazani. Huyu ana vitumbua, yule wa nyumba ya tatu ana mbaazi, wa kona ana chapati na supu, na mwingine ana chai ya rangi yenye iliki na tangawizi na hana kitu kingine. Hakuna anayepika vyote. Mbaazi unazinunua kwa mmoja, mandazi kwa mwingine, unakaa kwenye benchi la muuza chai, na hakuna atakayekuuliza kwa nini umekuja na chakula cha kwa jirani. Ninapoandika haya, noti ya elfu mbili inakushibisha asubuhi.

Kitumbua ni kazi ya usiku mzima. Mchele hulowekwa tangu jioni, husagwa, huchanganywa na tui, iliki, sukari na hamira, kisha huachwa uumuke. Alfajiri chuma chenye vishimo kinapashwa moto, kila kishimo kinatiwa mafuta kidogo, unga unamiminwa kwa upawa, na kijiti kinapita pembeni kukigeuza kitumbua kabla tumbo halijakauka. Kitumbua kizuri kina ukingo wa kahawia unaovunjika mdomoni na ndani kilaini, chenye matundu madogo madogo. Kikiwa kizito kama jiwe, unga haukuumuka. Kikinuka hamira, mpishi amelala kupita kiasi au amefanya haraka. Bibi aliyekuwa akituuzia sisi akiona unga umemharibikia alirudisha jiko ndani, asiuze siku hiyo. Watoto wa mtaa mzima tulikwenda shule na mihogo ya kuchemsha, na hakuna mzazi aliyelalamika, kwa sababu kila mmoja alijua kwamba kesho yake vitumbua vitakuwa vyenyewe.

Mbaazi nazo zina siri yao, na siri ni mpangilio wa tui. Zinalowekwa, zinachemshwa polepole mpaka ziwe laini, zinapikwa kwa tui jepesi la mkamuo wa pili, na kasimile, lile tui zito la mkamuo wa kwanza, hutiwa mwisho kabisa, jiko likiwa limepunguzwa moto, huku mwiko ukikoroga upande mmoja lisije likakatika. Ukifika mapema mno utaambiwa usubiri. Usikasirike. Anayekuambia, "Ngoja mwanangu, bado sijazitia tui," amekuheshimu kuliko yule anayekupa papo hapo zilizopashwa moto za jana.

Sasa huo uvivu uko wapi? Mji huu ulikuzwa na reli iliyoanza kujengwa mwaka 1893 na mkonge ulioletwa mwaka huo huo, ukapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Wakaja watu wa bara kwa maelfu, makuli wa bandarini na manamba wa mashamba, wengi wao bila wake, wakipanga chumba kimoja. Mtu kama huyo hawezi kuwasha jiko alfajiri kwa ajili ya kikombe kimoja. Na hata mwenye familia, hesabu ni nyepesi: nyumba ishirini zikiwasha majiko ishirini, zikakuna nazi ishirini, mkaa umepotea bure. Jiko moja linatosha nyumba zote, na fedha zinabaki mtaani. Mwenye vitumbua anamlipa mwenye mbaazi, wote wawili wanamlipa mwenye chai, na mwisho wa wiki wamo kwenye upatu mmoja. Watoto wangapi wa Tanga wamelipiwa ada kwa chuma cha vitumbua! Mjane aliye kwenye eda ya miezi minne na siku kumi hatoki nje, lakini sinia lake hutoka, kichwani kwa mtoto, na riziki huingia ndani bila stara yake kuguswa. Hilo ndilo wageni wetu wanaliita uvivu.

Adabu ndiyo inayowashinda wengi. Nimewaona wakisimamisha gari mbele ya baraza, wanashusha kioo, wanauliza bei kwa sauti. Watauziwa, kwa kuwa biashara ni biashara, lakini wataishia hapo. Mwenyeji hufika kwa miguu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Mbaazi leo zipo?"

"Zipo, kaa. Wewe mgeni? Wa wapi?"

Kuanzia swali hilo la mwisho, mgeni ameshapata anachokitafuta. Mama akishajua unatoka wapi na umefikia kwa nani, atakuuliza mchana utakula wapi, na atakuelekeza yeye mwenyewe. Nenda kwa fulani nyuma ya msikiti, leo ana samaki wa kupaka. Kwa yule usiende, mpishi wake kasafiri. Wapishi wa Tanga hutumiana wateja, na mtu akishaagizwa na mwenziwe hawezi kupewa kipande cha mkia. Nimekula miji mingi, na sijaona njia ya uhakika zaidi ya kupata chakula kizuri kwa bei ya haki. Ukipita mahali mtu anakula atakuambia "Karibu," nawe utajibu "Starehe" ukaendelea na njia yako. Mgeni asiyejua ama huketi ama hupita kimya, na kupita kimya ndiko kunakoudhi zaidi.

Mchana una kanuni moja tu, nayo ni ya baharini: usiulize kuna samaki gani, uliza leo kumeshuka nini. Samaki wanashuka kwenye diko la Deep Sea, na mama mwenye mgahawa anayejua kazi yake hupanga sufuria kwa kile kilichoshuka. Kusi likivuma, mashua ndogo nyingi hazitoki, samaki anapanda bei, na mtu mwenye akili anakula maharage ya nazi na mchicha. Kaskazi likiingia bahari inatulia, ndipo changu, tasi na kolekole wanapoonekana mpaka kwenye sahani za bei ndogo. Pweza anafuata mwezi. Wakati wa bamvua maji yanatoka mbali, miamba inabaki wazi, akina mama wanateremka na vijiti vyao kumchokoa, na siku hizo supu ya pweza inanyweka na kila mtu. Hoteli inayokupa pweza na kolekole kila siku ya mwaka, kwa bei ile ile, inakulisha barafu.

Habari za kahawa, bao na kashata barazani wameshazieleza wanaume vya kutosha. Mishkaki ya usiku kila mji unayo.

Lakini Ramadhani siwezi kuipita. Mchana wa Ramadhani mgeni huona majiko yamezimwa, akazidi kuamini kwamba mji umekufa. Wapo wanaopika kwa ajili ya wagonjwa, wasafiri na wasiofunga, nyuma ya pazia la kanga au turubai, na hakuna anayewabughudhi, kwani Ngamiani tumeishi Waislamu na Wakristo ukuta kwa ukuta. Mji wenyewe huamka alasiri. Mihogo ya nazi, magimbi, kunde, tambi, kaimati, uji wa pilipili manga, na bokoboko kwa nyumba zinazoliweza, vyote vinakuwa jikoni kwa wakati mmoja, na hewa ya mtaa mzima inanukia iliki. Saa moja kabla ya adhana ya Magharibi watoto wanaanza kupita na sahani zilizofunikwa kwa kawa. Nyumba hii inapeleka kaimati, ile inaleta tambi, na sahani hairudi tupu. Ikiwa huna kitu siku hiyo, unaikalia mpaka kesho upate cha kuitia. Mama yangu alikuwa na rafu nzima ya sahani za watu, na alizijua zote, hii ya nyumba ya nne, hii ya Mama fulani Mbondei, ambaye hakuwa akifunga lakini kila mwaka alituletea mihogo, na siku ya Krismasi sahani ile ile ilikwenda kwake na pilau.

Mgeni asiye na mwenyeji, ikimkuta Magharibi yuko mtaani, alikaribishwa kwenye mkeka wa baraza ya kwanza aliyopita. Hakuulizwa dini. Mwezi mzima mtu angeweza kuishi Tanga asilipie futari hata siku moja, na bado kuna watu wanaandika kwamba huu ni mji wenye hoteli chache.

Nasema "alikaribishwa" kwa sababu mikeka ya barazani inapungua. Nyumba za Ngamiani zilizokuwa na baraza zinabomolewa, zinajengwa ghorofa zenye fremu za maduka chini, na fremu haina mahali pa kutandika mkeka. Nazi imepanda. Minazi ya zamani imezeeka, mingine imekufa kwa maradhi, mingine imekatwa viwanja vikauzwa, na sasa utakuta mbaazi zimepikwa kwa mafuta ya kula na kijiko kimoja cha tui la pakiti juu ili zing'ae. Mlaji aliyezaliwa majuzi hajui tofauti. Kijana wa leo akitoka shule anataka chipsi mayai, asubuhi chipsi, usiku chipsi. Sina ugomvi na viazi, lakini viazi hivyo vinakuja kwa lori kutoka milimani na mafuta yanatoka dukani, na katika sahani hiyo mvuvi wa Sahare hana lake, wala mkwezi, wala yule bibi wa vitumbua.

Watoto hawatumwi tena kununua chakula na bakuli ya nyumbani. Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini, nilifurahi, nikaona bakuli na vikapu vinarudi. Vikaja vifungashio vingine vya kutupa, na bakuli zikabaki kabatini. Bakuli ya nyumbani ilikuwa na maana, kwa kuwa mpishi aliitambua. Akiona bakuli ya kwetu alijua tuko wangapi, akajua yupi hali pilipili, na siku akijua kuna mgonjwa ndani aliongeza upawa mmoja bila kuuliza. Bodaboda anayepeleka chakula kwenye nyumba asiyoijua hawezi kuongeza upawa.

Na kuna hili la kupanga mji. Mwishoni mwa 2021, katika miji ya nchi nzima, wafanyabiashara wadogo waliondolewa pembezoni mwa barabara wakapelekwa kwenye maeneo maalumu. Barabara kubwa zilihitaji nafasi, hilo nalielewa. Lakini mwanamke anayepika kwenye baraza ya nyumba yake mwenyewe, kuanzia alfajiri mpaka saa tatu asubuhi, hajaziba njia ya mtu. Nimewaona wakifukuzwa na mgambo sufuria zikiwa bado motoni, wakiambiwa waende wakapange meza sokoni. Sokoni watapata meza. Hawatapata mtoto wa jirani wa kumtuma, wala mgonjwa wa kumwongezea, na ile nauli ya kwenda na kurudi itabidi waiweke juu ya kitumbua. Ndipo Tanga itakapokuwa kweli na vibao vingi na chakula ghali, kama wageni walivyotaka.

Wanaopanga mitaa ya jiji hili waandike jambo moja kwenye kanuni zao: baraza ya asubuhi iachwe. Jiko liwe mbali na njia ya magari, maji taka yasimwagwe mtaroni, afya zipimwe, na kodi ndogo ikihitajika ilipwe, akina mama hawa hawajawahi kukataa kulipa kinachowezekana. Na nyie mliokuja kwa kazi za bomba, acheni gari huko mlikopanga, mshuke Ngamiani kwa miguu kabla jua halijawa kali, mkiwa na chenji ndogo ndogo, kwa kuwa mama wa vitumbua hana chenji ya noti ya elfu kumi saa kumi na mbili asubuhi.